Nilibaki ndani ya gari, rafiki yangu akapiga na kupora: je, na mimi nina kosa?

Swali: Wakili, habari za kazi. Mimi ni kijana wa miaka 24. Rafiki yangu aliniomba nimpeleke kwa mtu anayemdai fedha. Tulitumia gari la baba. Tulipofika alishuka, mimi nikabaki kwenye usukani. Nilisikia wakibishana, kisha akarudi mbio na kuniambia twende, nikaondoa gari. Kesho yake ndipo nikasikia kwamba alimpiga yule mtu kwa kipande cha chuma na kumnyang'anya simu. Rafiki amekamatwa, na mimi nimepigiwa simu nifike kituo cha polisi wiki ijayo kutoa maelezo. Sikumgusa mtu wala sikuchukua kitu. Je, naweza kushtakiwa? Nikifika huko, ni lazima nijibu kila ninachoulizwa? Baba anasema mtu asiye na hatia haogopi kusema, niende tu nikaeleze yote. Na gari lake litakuwaje?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na lile lenye haraka. Nenda kituoni siku uliyoitwa, lakini usiende bila wakili. Kama huna uwezo wa kumlipa, anza leo kuulizia msaada wa kisheria wa bure kwenye chama cha mawakili, kwenye vitivo vya sheria vya vyuo vikuu au kwenye ofisi ya serikali inayoshughulikia msaada huo. Wakili akihitaji siku mbili tatu zaidi, yeye ndiye awapigie polisi na kuomba tarehe nyingine. Usizime simu na usihamie kwa ndugu wa mbali. Ukijificha, wito wa kutoa maelezo unaweza kugeuka hati ya kukukamata, na siku utakapoomba dhamana mahakama itakuwa na sababu ya kusema wewe ni mtu wa kutoroka.

Naweza kushtakiwa? Ndiyo, unaweza. Karibu kila mfumo wa sheria duniani unamwadhibu anayesaidia kosa pamoja na anayelitenda kwa mkono wake. Sheria ya jinai ya Ufaransa, katika kifungu cha 121-6, inamwadhibu mshiriki kama mtendaji mwenyewe. Ujerumani humpunguzia adhabu aliyesaidia tu, lakini hatia anayo. Nchi zilizorithi sheria ya Uingereza kwa kawaida humweka aliyesaidia au kuchochea kwenye hati moja ya mashtaka na mtendaji. Kwa hiyo maneno "sikumgusa mtu", ambayo naona umeyategemea sana, hayatoshi kukutoa. Dereva anayesubiri nje huku injini ikinguruma, akijua wenzake wanapora ndani, ni mporaji kama wao.

Neno zito katika sentensi hiyo ni "akijua". Ufaransa, katika kifungu cha 121-7, inataka mshiriki awe amesaidia kwa kujua. Ujerumani inataka awe amesaidia kwa makusudi. Mahakama za mkondo wa Uingereza hutafuta mambo mawili kwa pamoja: tendo la kusaidia au kutia moyo, na dhamira ya kufanya hivyo huku ukijua kinachotendeka. Moja likikosekana, kosa la kushiriki linaanguka. Kuendesha gari ni tendo, na hapo sioni ubishi. Kesi yako yote itasimama au kuanguka juu ya kile ulichokijua, na hasa ulikijua saa ngapi.

Kuna kesi mbili za zamani ambazo kila mwanafunzi wa sheria hukutana nazo, na zinakuhusu. Mwaka 1882 majaji wa Uingereza waliamua kesi ya R dhidi ya Coney (R husimama kwa malkia au mfalme, yaani upande wa serikali unaoshtaki). Watu walikuwa wamekutwa kwenye pambano la ngumi lisilo halali, wamesimama kati ya watazamaji wengine. Hawakuonekana wakishangilia wala kufanya lolote, ila walitiwa hatiani kwa kusaidia kosa kwa sababu walikuwapo. Hukumu hiyo ilitenguliwa. Majaji wengi walisema kuwapo mahali kunaweza kuwa ushahidi wa kutia moyo, lakini kwenyewe si hatia. Miaka 69 baadaye, katika kesi ya Wilcox dhidi ya Jeffery ya mwaka 1951, mwenye jarida la muziki wa jazi alihukumiwa kwa kosa ambalo ukilitazama juu juu linafanana na lile. Mpiga saksafoni Mmarekani Coleman Hawkins aliruhusiwa kuingia Uingereza kwa sharti kwamba asifanye kazi. Mwenye jarida alimpokea uwanja wa ndege, akalipa tiketi ya onyesho lake akijua haruhusiwi kupiga muziki, kisha akaliandika kwa sifa jaridani mwake. Mahakama ikasema kuwapo kwake hakukuwa kwa bahati: alijua, alikwenda kwa makusudi, na alinufaika.

Wewe uko upande gani? Kwa uliyoniandikia, uko karibu zaidi na wale watazamaji. Ulijua unamsindikiza mtu kudai deni, na kudai deni si kosa. Lakini barua yako ina mapengo matatu, na mpelelezi mzoefu atayaona kabla hujamaliza kuketi. Hukusema kama uliona kile chuma alipokuwa anapanda gari au anashuka. Hukusema kama njiani alitamka lolote, kwa mfano kwamba leo lazima mtu yule amtambue. Na hukusema alirudi akiwa na nini mkononi, au akiwa na hali gani nguoni.

Nakuomba kwa dhati usinijibu maswali hayo. Usiniandikie mimi, usimwandikie rafiki yeyote, usiyasimulie kwenye kundi la simu. Mwambie wakili wako peke yake, mkiwa faragha, na umwambie ukweli mtupu pamoja na sehemu zinazokutia aibu. Mazungumzo yako naye yanalindwa na sheria. Mazungumzo na rafiki, na mara nyingi hata na ndugu, hayana kinga hiyo, na aliyeyasikia anaweza kuitwa kuyarudia mbele ya hakimu.

Ngoja nieleze kwa nini mapengo hayo yana uzito. Kama uliona chuma na ukasikia vitisho, upande wa mashtaka utasema ulitambua mapema kwamba huenda mtu akaumizwa, na bado ukampeleka. Je, kutambua kwamba jambo huenda likatokea ni sawa na kulikusudia? Kwa zaidi ya miaka 30 mahakama za Uingereza zilijibu hivi: kama ulikuwa kwenye mpango wa kosa moja na ukatambua kwamba mwenzako huenda akatenda kubwa zaidi, basi na hilo kubwa ni lako. Watu wengi walifungwa kwa kosa la kuua kwa msingi huo. Februari 2016, katika kesi ya R dhidi ya Jogee, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikakiri kwamba sheria ilipotea njia mwaka 1984. Kutambua mapema ni ushahidi tu wa kukusudia, na waamuzi wanaupima pamoja na ushahidi mwingine. Binafsi naona uamuzi ule ulikuwa wa haki na ulichelewa mno. Hata hivyo usiushike kama ngao. Jogee mwenyewe hakwenda nyumbani: kesi yake ilisikilizwa upya, akatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, na akafungwa miaka 12. Tena Australia na Hong Kong zilikataa mwaka huohuo wa 2016 kuifuata njia hiyo. Wakili wa kwenu ndiye atakayekuambia mahakama zenu zimeshika mkondo gani.

Kuna pia kile kinachotokea baada ya kosa. Uliondoa gari alipokuambia twende. Kama wakati huo ulijua ametoka kupora, unaweza kushtakiwa kwa kumsaidia mhalifu kutoroka, ambalo katika nchi nyingi ni kosa linalojitegemea. Kama hukujua, huna kosa hilo. Na usifikiri unaweza kujiokoa kwa kusema hukutaka kuuliza. Mtu aliyeona dalili zote akaamua kufumba macho ili asijue, sheria za nchi nyingi humhesabu kuwa alijua. Ikiwa kwa upande mwingine alikutisha, labda alikushikia chuma na kukuamuru uendeshe, hapo kuna utetezi wa kushurutishwa. Mweleze wakili hilo tangu mwanzo, maana utetezi unaoibuka katikati ya kesi huaminiwa kwa shida.

Wapo pia wanaojitetea kwamba walipoona mambo yameharibika walijitoa. Kujitoa kunakubalika, lakini mahakama hutaka zaidi ya miguu kukimbia. Katika kesi ya R dhidi ya Becerra, iliyoamuliwa mwaka 1975, mmoja wa wezi alimpa mwenzake kisu, kisha mpangaji wa ghorofani aliposhuka akasema twende na kuruka dirishani. Mwenzake akabaki, akamchoma mpangaji hadi akafa. Aliyeruka naye alihukumiwa kwa kuua, kwa kuwa kwa hatua ile alipaswa kufanya kitu cha wazi kuzuia matokeo ya kisu alichokitoa yeye mwenyewe.

Sasa nije kwa baba yako. Namheshimu, na ushauri wake unatoka kwa mzazi aliyemlea mwanawe kusema kweli. Lakini kwenye chumba cha mahojiano ushauri huo umewaponza watu wasio na hatia wasiohesabika. Mwaka 1989 mwanamke alishambuliwa na kubakwa katika bustani ya Central Park mjini New York. Vijana watano wenye umri wa miaka 14 hadi 16 walihojiwa kwa saa nyingi, na maelezo ya kukiri yaliyotoka humo ndiyo yakawa nguzo ya kuwatia hatiani. Mwaka 2002 mtu mwingine alikiri kwamba alitenda peke yake, vipimo vya DNA vikaonyesha ni yeye, na hukumu za wale watano zikafutwa. Walishatumikia vifungo vyao. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wachanga na wamechoka, nao waliamini kwamba wakisema kinachotakiwa wataruhusiwa kwenda nyumbani.

Kwako hatari si lazima iwe kukiri uongo. Yaweza kuwa kosa dogo la kumbukumbu. Utasema mlifika saa mbili usiku, kamera ya jirani itaonyesha saa mbili na nusu. Utasema rafiki alipiga simu mara moja njiani, rekodi za simu zitaonyesha mara nne. Hakuna ulilodanganya, ila kwenye karatasi utaonekana mtu anayebadilisha maneno, na kila lililo la kweli katika maelezo yako litatiliwa shaka kwa sababu ya hayo mawili.

Kwa hiyo, je, ni lazima ujibu? Kwa kanuni, hapana. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, uliopitishwa mwaka 1966 na kuanza kutumika mwaka 1976, unasema katika ibara ya 14 kwamba mtu anayeshtakiwa hawezi kulazimishwa kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe wala kukiri kosa. Ibara hiyohiyo inampa haki ya kuwa na wakili na haki ya kuhesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe kisheria. Mwaka huohuo wa 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Miranda dhidi ya Arizona, iliwaamuru polisi kumwambia mtu aliye chini ya ulinzi haki zake kabla ya kumhoji. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu nayo iliamua mwaka 2008, katika kesi ya Salduz dhidi ya Uturuki, kwamba kwa kawaida mshukiwa anapaswa kupata wakili tangu mahojiano ya kwanza. Salduz alikuwa na miaka 17 alipohojiwa bila wakili.

Ila kukaa kimya kuna namna yake. Huko Marekani, mwaka 2013, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Salinas dhidi ya Texas. Salinas alikwenda kituoni kwa hiari, kama unavyotaka kwenda wewe. Alijibu maswali kadhaa, kisha akanyamaza alipoulizwa kuhusu maganda ya risasi. Unyamavu huo ulitumika dhidi yake, na mahakama ikaona ni sawa kwa kuwa hakutamka kwamba anaitumia haki yake. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1994, mahakama inaweza kukutilia shaka ukinyamaza kituoni kisha ukaleta mahakamani maelezo ambayo ungeweza kuyatoa mapema, ingawa haiwezi kukutia hatiani kwa unyamavu peke yake. Ndiyo maana nasisitiza wakili. Yeye atajua kama kwenu inafaa kunyamaza kabisa, kujibu yote, au kutoa maelezo mafupi ya maandishi mliyoyaandaa pamoja na kuishia hapo. Kwa kesi kama yako mara nyingi naipenda hiyo njia ya tatu, kwa sababu inaweka upande wako kwenye kumbukumbu mapema bila kukuingiza kwenye maswali ya mtego.

Ukijikuta huko peke yako kwa sababu yoyote, tamka hivi, kwa sauti na kwa adabu: "Naomba kutumia haki yangu ya kutojibu hadi wakili wangu afike." Toa jina lako na anwani, maana katika nchi nyingi hayo unaweza kudaiwa, kisha nyamaza kweli. Usijibu nusu nusu. Maneno yanayomponza mtu mara nyingi husemwa kwenye korido, wakati askari mpole anapouliza tu kwamba kulikuwaje jana.

Kuuliza unaruhusiwa. Uliza kama umeitwa kama shahidi au kama mshukiwa, na kama uko huru kuondoka. Majibu yabaki kichwani mwako au kwenye daftari la wakili wako. Wakikuambia umekamatwa, wanapaswa kukueleza sababu, kukufikisha mbele ya mahakama bila kuchelewa, na kutokupiga wala kukutesa. Ibara ya 7 na ya 9 za mkataba niliokutajia zinalinda hayo. Saa za kukushikilia kabla ya mahakama hutofautiana kati ya nchi na nchi, nyingi zikitaja saa 24 au 48. Ukiletewa karatasi usaini, isome mstari kwa mstari. Palipoandikwa usilosema, kataa kusaini hadi parekebishwe. Nafasi iliyobaki wazi chini ya maneno yako ichorwe mstari.

Jambo moja sikupi ruhusa hata kidogo: usidanganye. Kunyamaza ni haki yako, na uongo unaweza kuwa kosa jingine juu ya lile unaloshukiwa. Usifute ujumbe wowote kwenye simu, hata ule unaokutia hofu, kwa kuwa kuharibu ushahidi humfanya mtu aliyekuwa shahidi aonekane mshiriki. Usimtembelee aliyeumizwa ili kumwomba radhi au kumpa fedha, japo moyo unakutuma. Na usikubaliane na rafiki yako mseme nini. Ikiwa ile simu iliyoporwa imeachwa ndani ya gari, usiiguse. Mwambie wakili, naye atapanga namna ya kuikabidhi.

Wakitaka kupekua simu yako, mwachie wakili jibu hilo. Marekani, tangu kesi ya Riley dhidi ya California ya mwaka 2014, polisi kwa kawaida huhitaji kibali cha mahakama kupekua simu hata ya mtu waliyemkamata. Kwingine wanaruhusiwa zaidi. Kukubali mwenyewe kwa hiari huondoa hoja ambayo wakili wako angeweza kuitumia baadaye.

Huenda wakakupa nafasi ya kuwa shahidi dhidi ya rafiki yako ili usishtakiwe. Si jambo la kulikataa papo hapo wala kulipokea papo hapo. Makubaliano hayo yawe ya maandishi, yatoke kwa mwendesha mashtaka mwenye mamlaka, na yapitiwe na wakili. Ahadi ya mdomo ya mpelelezi kwamba atakusaidia ukisema kila kitu isikufungue kinywa.

Na hata ukishtakiwa, mzigo wa kuthibitisha si wako. Mwaka 1935 kijana wa miaka 21 aitwaye Woolmington alifikishwa mbele ya mahakama ya juu kabisa ya Uingereza akiwa amehukumiwa kifo. Mke wake alikufa kwa risasi ya bunduki aliyoishika yeye. Alisema ilifyatuka kwa bahati mbaya, na jaji aliyesikiliza kesi iliyomtia hatiani akaliambia jopo la wananchi kwamba ni juu ya mshtakiwa kuthibitisha hivyo. Hukumu ilifutwa, akaachiwa huru. Mashtaka ndiyo yanayopaswa kuthibitisha kila kiungo cha kosa pasipo shaka ya maana, na dhamira ni mojawapo ya viungo hivyo. Kwako maana yake ni kwamba wao ndio watakaotakiwa kuonyesha ulijua.

Mwisho, gari. Polisi wanaweza kulishikilia kama kielelezo, pengine hadi kesi iishe. Mwenye gari asiyejua lilitumikaje ana haki katika nchi nyingi ya kuomba arudishiwe, na mahakama huweza kumpa kwa sharti la kulileta likihitajika, baada ya kupigwa picha. Asichelewe kuomba, kwa sababu kuna sheria zinazoruhusu chombo kilichotumika katika uhalifu kutaifishwa, na si zote zinazomjali mwenye mali asiye na kosa. Mwaka 1996, katika kesi ya Bennis dhidi ya Michigan, mwanamke mmoja alipoteza sehemu yake katika gari ambalo mumewe alilitumia kutenda kosa bila yeye kujua, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikaona ni halali. Baba aandae kadi ya gari na hati za bima. Akienda kuliombea ataulizwa nani alikuwa nalo usiku ule na lilirudi saa ngapi, na majibu yake yataingia kwenye jalada lako. Kwa hiyo siku utakapomwona wakili, nenda na baba yako aulizie ya gari, ila ya kwako mweleze wakili baba akiwa nje.